Mapafu na Tezi Kwenye Chati Moja

Mgonjwa wa pumu anayemeza prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi, kila asubuhi anaweza kupimwa sukari kabla hajala, ikawa nzuri siku zote, na bado ikifika saa kumi na mbili jioni sukari hiyo hiyo ikawa juu sana, milimoli 17 kwa lita. Nililiona hili nikiwa muuguzi mchanga kwenye wodi ya watu wazima, na ndilo lililonifanya nizisome dawa upya. Mama mmoja alikuwa amelazwa kwa pumu iliyombana vibaya. Kifua kilikuwa kimeanza kufunguka, sasa anamaliza sentensi bila kukata pumzi, lakini kila jioni alilalamika kiu na alikuwa haishi kwenda chooni. Chati yake haikuwa na shida yoyote, kwa sababu sukari ilikuwa inapimwa asubuhi tu. Sista mkuu wa zamu aliniita akaniambia, "Mpime sasa hivi, halafu njoo unieleze kwa nini."

Nilipompima ilisoma 17. Na kwa nini? Prednisoloni ikimezwa asubuhi, nguvu yake hupanda mchana na alasiri. Inalisukuma ini litoe sukari zaidi, na inaifanya misuli isiitikie insulini inavyotakiwa. Usiku nguvu hiyo inashuka, na alfajiri sukari imekwisha kurudi mahali pake. Ukipima asubuhi pekee unapima saa ambayo dawa imelala. Tangu hapo, kila anayeanzishiwa steroidi wodini kwangu, awe na kisukari au asiwe nacho, hupimwa pia kabla ya mlo wa mchana au wa jioni.

Chuoni tulifundishwa dawa za homoni muhula mmoja na dawa za mfumo wa hewa muhula mwingine. Mitihani ilikuwa tofauti, madaftari tofauti, hata walimu tofauti. Wodini nikakuta chati moja ya dawa, mtu mmoja, na dawa za madaftari yote mawili zikiandikwa mstari juu ya mstari. Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi sasa, na kama kuna jambo ninalolishikilia mbele ya kila mwanafunzi anayekuja kwangu ni hili: dawa za tezi na dawa za mapafu zinakutana ndani ya mwili wa mgonjwa. Daktari anaandika dawa na kuondoka. Mfamasia anaitoa dirishani. Anayekuwepo dawa zinapokutana, saa nane usiku au saa kumi na mbili jioni, ni muuguzi.

Steroidi ndiyo mfano mkubwa kuliko yote, maana yenyewe ni homoni. Tezi za adrenali, zile mbili zilizokaa juu ya figo, hutengeneza kotisoli kila siku, na tunachompa mgonjwa wa pumu ni ndugu wa kotisoli hiyo kwa kiasi kikubwa zaidi. Waliofungua njia, Philip Hench, Edward Kendall na Tadeusz Reichstein, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1950, na shangwe ya wakati huo inaeleweka: dawa inayotuliza uvimbe kwa kasi vile haikuwahi kuonekana. Madhara yalijulikana polepole baadaye. Mimi nadhani kila muuguzi anayeshika kichupa cha hydrokotisoni, steroidi ya sindano, akumbuke pande zote mbili, kwa sababu nimeona wagonjwa wakinyimwa steroidi kwa hofu ya madhara wakati njia zao za hewa zinafunga, na nimeona wengine wakizimeza miezi mingi bila mtu yeyote kuuliza.

Mwaka 2020 somo hili lilitufikia sote kwa mpigo. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni, steroidi nyingine, miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10, inapunguza vifo kwa wagonjwa wa COVID-19 wanaohitaji oksijeni. Miligramu 6 zinasikika kama kidogo, lakini ukizigeuza kuwa prednisoloni ni kama miligramu 40. Watu waliokuja na mapafu yaliyochoka walipanda sukari ndani ya siku moja au mbili, wakiwemo ambao hawakuwahi kuambiwa wana kisukari. Tukawa tunasogeza glukometa kitanda hadi kitanda huku mitungi ya oksijeni ikibadilishwa. Waliokuwa wakihesabu kisukari kuwa kazi ya wodi nyingine waliacha kuhesabu hivyo.

Upande wa pili wa steroidi ni pale zinapokatwa. Alikuja baba mmoja, mwili umelegea, anatapika, shinikizo la damu liko chini na sukari nayo chini. Familia ilisema hana ugonjwa wowote isipokuwa kifua cha zamani, na kifua chenyewe kilikuwa kimetulia. Tuliuliza kama anatumia steroidi, wakasema hapana. Swali hilo halina maana kwa watu wengi, kwa sababu hakuna anayekwenda nyumbani akiziita steroidi. Daktari alibadilisha swali: "Baba, kuna vidonge vidogo ulivyokuwa unameza vingi kwa pamoja kwa ajili ya kifua?" Hapo ndipo mkewe alipokumbuka. Alikuwa akimeza vidonge vinane kila asubuhi, miezi kadhaa, na alipojisikia nafuu akaacha siku hiyo hiyo. Vidonge vinane vya miligramu 5 ni miligramu 40. Tezi zake zilikuwa zimekaa muda wote huo bila kazi, kama shamba lililoachwa, na dawa ilipotoka hazikuwa tayari kuzalisha chochote. Alipewa hydrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa pamoja na dripu ya chumvi, na kabla zamu yangu haijaisha alikuwa amekaa kitandani anaomba maji.

Ninawaeleza wanafunzi tofauti hii kwa uangalifu, maana inachanganya. Kozi fupi ya siku 5 hadi 7 kwa pumu iliyobana haihitaji kupunguzwa kidogo kidogo. Mgonjwa anamaliza na anaacha. Aliyetumia kwa zaidi ya wiki 3 ndiye anayepaswa kushushwa taratibu kwa maelekezo ya daktari. Na akiwa bado anazitumia halafu akapata homa kali, au akapelekwa kwenye upasuaji, mwili wake unahitaji kiasi zaidi, maana tezi haziwezi kuongeza zenyewe. Mgonjwa wa namna hii anayetapika na kushindwa kumeza vidonge ni dharura. Naliandika hilo kwenye kadi yake kwa herufi kubwa, na namsomea mtu anayeishi naye.

Wengi wanadhani steroidi ya kuvuta kwa inhela haina habari na tezi. Kwa kiasi cha kawaida ni kweli haisumbui sana, na ningependa wagonjwa waivute bila woga. Lakini kuna dawa moja inayobadilisha hesabu: ritonaviri, ile inayotumika kuongeza nguvu ya baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI. Ritonaviri huzuia ini lisiivunje flutikasoni au budesonidi, steroidi za kuvuta, kwa hiyo kile kidogo kinachoingia kwenye damu kinarundikana. Mgonjwa anavimba uso, anatoka michirizi tumboni, sukari inapanda, na tezi zake za adrenali zinazimika kwa ajili ya inhela tu. Beklometasoni, steroidi nyingine ya kuvuta, huwa salama zaidi kwa mtu kama huyo. Kwa sababu hiyo, mgonjwa mwenye inhela akifika kliniki namuuliza dawa zake zote, na naziuliza faraghani, maana kuna zile ambazo hatazitaja mbele ya jirani.

Kisha kuna potasiamu, ambayo haionekani kwa macho hadi moyo uanze kuruka mapigo. Salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, huisukuma potasiamu kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Insulini hufanya hivyo hivyo. Hydrokotisoni huifanya figo ipoteze potasiamu kwenye mkojo, na aminofilini, dawa nyingine ya kufungua kifua, nayo huishusha. Sasa fikiria mgonjwa wa pumu kali ambaye pia ana kisukari: salbutamoli ya nebulaiza, yaani ya kuvutwa kama ukungu, kila dakika 20 saa ya kwanza, hydrokotisoni kwenye mshipa, sukari imepanda kwa hiyo ameanzishiwa insulini. Kila dawa hapo imeandikwa kwa sababu nzuri, na zote zinavuta upande mmoja. Nikiona mchanganyiko huo simsubiri mtu aniulize. Naangalia kipimo cha mwisho cha potasiamu ni cha lini, naomba kingine, na namuunganisha mgonjwa kwenye monita ya moyo kama ipo. Mgonjwa anaposema miguu imekuwa mizito au moyo unapiga vibaya, sisemi tu kwamba ni salbutamoli inamtetemesha. Kutetemeka kwa mikono baada ya salbutamoli ni kawaida na hupita. Udhaifu wa misuli unahitaji maabara.

Anayetaka kuamini nguvu hiyo aangalie inavyotumika kinyume: mgonjwa wa figo ambaye potasiamu imepanda hatari, hutibiwa kwa insulini pamoja na glukosi, na salbutamoli ya nebulaiza kwa kiasi kikubwa. Dawa ya kifua inakuwa dawa ya damu.

Potasiamu ndiyo inayoamua pia lini insulini ianze kwa mgonjwa wa ketoasidosisi, ile hali ya kisukari ambapo damu inajaa asidi. Na hapa mapafu yanaingia tena kwa mlango ambao wengi hawautazamii. Kijana mmoja aliletwa akiwa ameandikiwa pumu kwenye karatasi ya rufaa. Alikuwa anahema haraka na kwa kina, kifua kinapanda na kushuka kwa nguvu. Njiani alikuwa ameshapewa salbutamoli, hakupata nafuu. Nikaweka stetoskopu mgongoni. Hewa ilikuwa inaingia vizuri pande zote, hakuna mluzi hata kidogo. Oksijeni kwenye kidole asilimia 98. Midomo mikavu, pumzi ina harufu tamu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Glukometa haikutoa namba, iliandika HI, yaani sukari imepita uwezo wake wa kusoma.

Mapafu yake yalikuwa mazima na yalikuwa yanafanya kazi kwa bidii ya kumwokoa. Damu ikijaa asidi, mwili hutoa kaboni dioksidi kwa kuhema kwa kina ili kupunguza asidi hiyo. Ukimpa mtu kama huyu dawa za kufungua kifua unamwongezea mapigo ya moyo na kushusha potasiamu yake kabla hata matibabu halisi hayajaanza. Anachohitaji kwanza ni maji ya mshipa, kwa wingi na kwa mpango. Kisha potasiamu inapimwa. Ikiwa chini ya milimoli 3.3 kwa lita, au 3.5 kwa miongozo mipya, insulini inasubiri hadi potasiamu irudishwe, kwa sababu insulini itaivuta iliyobaki ndani ya seli na moyo unaweza kusimama. Baada ya hapo ndipo insulini ya kawaida inapoanza kwa dripu, kama uniti 0.1 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Kuna jambo dogo la mikono ambalo vitabu vingi vinalitaja kwa mstari mmoja: insulini hung'ang'ania plastiki ya mrija. Kabla ya kumuunganisha mgonjwa, namwaga kama mililita 20 za mchanganyiko kupitia mrija ili plastiki ishibe kwanza. Bila hivyo, saa ya kwanza mgonjwa anapata pungufu ya kilichoandikwa na wote mnashangaa sukari haishuki.

Mtu anayehema haraka huku kifua kikiwa kisafi, mpime sukari. Kipimo kinachukua sekunde chache.

Insulini yenyewe nimeipenda tangu chuoni, na siwezi kuiandika kwa haraka. Kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, ndiye wa kwanza kuchomwa insulini, huko Toronto mwezi Januari 1922. Kabla ya hapo, utambuzi wa kisukari cha aina ya kwanza ulikuwa na maana ya kumwangalia mtoto akiisha. Leo hatari kubwa imehamia kwetu sisi tunaoishika. Chupa ya kawaida ina uniti 100 kwa kila mililita, na sindano yake imegawanywa kwa uniti. Kuivuta kwa sindano ya kawaida ya mililita ni kualika msiba. Kwenye chati, neno uniti liandikwe lote. Herufi U ikiandikwa kwa haraka baada ya 10 husomeka kama sifuri, na 10 inakuwa 100. Nimewahi kumrudishia daktari chati kwa ajili ya herufi hiyo moja. Aliandika upya bila kinyongo, na ningeirudisha tena hata kama angenuna.

Saa za insulini lazima zikae kichwani, kwa sababu zinakuambia lini uwe na wasiwasi. Lispro na aspati huanza kufanya kazi ndani ya dakika 15 hivi na hufika kileleni saa 1 hadi 2 baada ya sindano. Kwa hiyo sahani ya chakula iwe mbele ya mgonjwa kabla ya sindano, sio njiani kutoka jikoni. Insulini ya kawaida huanza baada ya nusu saa. NPH, ile yenye rangi ya maziwa, hufika kileleni saa 4 hadi 12 baada ya sindano. Mgonjwa aliyechomwa NPH jioni anaweza kushuka sukari saa nane au saa tisa usiku akiwa amelala, na wa kumwona atakuwa muuguzi anayepita na tochi. Jasho kwenye shingo, shuka limelowa, anaamka amechanganyikiwa. Glajini haina kilele cha wazi, inakwenda kama saa 24, na haichanganywi na insulini nyingine kwenye sindano moja.

Ukichanganya ya kawaida na NPH, vuta kwanza iliyo safi, kisha yenye maziwa. Chupa ya NPH izungushwe taratibu kati ya viganja mpaka rangi ilingane, isitikiswe. Halafu, kabla ya kuchoma, papasa ngozi. Nimejifunza kupitisha vidole polepole kuzunguka kitovu, umbali wa vidole viwili hivi kutoka kitovuni, nikitafuta uvimbe laini kama mpira chini ya ngozi. Wagonjwa hupenda kuchoma hapo hapo kila siku kwa sababu pamekufa ganzi na hapaumi. Insulini inayochomwa kwenye uvimbe huo hufyonzwa bila mpangilio: leo nusu, kesho yote. Dada mmoja alikuwa ameongezewa uniti kila alipokuja kliniki, na sukari inapanda na kushuka bila sababu. Tulipompapasa tukakuta mafundo mawili makubwa. Tulimhamishia sindano mahali pazima na daktari akapunguza uniti siku hiyo hiyo. Hilo la kupunguza ni la lazima, kwa sababu ngozi nzima hufyonza vizuri, na kiasi kile kile kingemwangusha.

Kwa inhela ni kazi ya macho. Usimuulize mgonjwa kama anajua kutumia, maana atakujibu ndiyo. Mwambie, "Hebu nionyeshe, mzee wangu." Utaona anayebonyeza kwanza halafu anavuta, dawa yote ikaishia kwenye ulimi. Utaona anayevuta kwa pua, anayebonyeza mara mbili kwa pumzi moja, na anayesahau kutikisa. Inhela ya kubonyeza inataka kutikiswa, kutoa pumzi kwanza, kufunga midomo vizuri, kuanza kuvuta polepole huku ukibonyeza, kisha kushikilia pumzi kama sekunde 10. Ile ya unga inataka kinyume kwenye mvuto: vuta kwa nguvu na kwa haraka, na usipulizie ndani yake kwa sababu unga utaloa. Mgonjwa mwenye aina zote mbili huzichanganya, na simlaumu. Spesa, kile chombo cha plastiki kinachowekwa kati ya inhela na mdomo, huondoa nusu ya matatizo haya. Isipopatikana, chupa safi ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa inhela hufanya kazi vizuri, na hili limechunguzwa kwa watoto. Baada ya steroidi ya kuvuta, asukutue kinywa na ateme, la sivyo atapata utando mweupe wa fangasi.

Jambo ninalolisisitiza kwa pumu kuliko yote ni hesabu ya inhela ya salbutamoli. Kopo moja lina mipulizo 200. Mtu anayemaliza makopo 3 au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari ya kubanwa vibaya, na anayemaliza kopo kila mwezi yuko kwenye hatari ya kufa, hata kama anakuja akitabasamu. Salbutamoli inafungua njia ya hewa lakini haigusi uvimbe ulio chini yake. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi tena mtu mzima au kijana atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Anahitaji steroidi ya kuvuta, na inayopendekezwa zaidi ni ile iliyounganishwa na formoteroli, dawa ya kufungua njia ya hewa. Wagonjwa wengi wanaipenda inhela inayowapa nafuu papo hapo na kuiacha ile ya kuzuia kwa sababu hawahisi chochote. Nachukua muda hapo. Nawaambia hiyo wasiyoihisi ndiyo inayowafanya walale usiku kucha.

Kwenye tezi ya thairoidi, makutano na kifua yako kwenye dawa moja: propranololi. Mwenye thairoidi iliyopitiliza hutetemeka, moyo unakimbia, na propranololi humtuliza upesi wakati kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni ya thairoidi, ikisubiri wiki kadhaa kufanya kazi yake. Lakini propranololi hufunga njia za hewa za mwenye pumu, na ikishazifunga salbutamoli inapata shida kuzifungua. Swali la "umewahi kubanwa kifua, hata utotoni?" naliuliza kabla ya kidonge cha kwanza. Kwa mwenye kisukari propranololi huficha mapigo ya moyo na kutetemeka, dalili zinazomwambia sukari imeshuka. Jasho hubaki. Basi namfundisha atazame jasho.

Kabimazoli ina onyo moja ambalo halisubiri kesho: homa au koo linalouma, hasa miezi 3 ya mwanzo, aache dawa na aje kupimwa damu, kwa sababu chembe nyeupe zinaweza kuwa zimeporomoka. Kwa levothairoksini, homoni ya thairoidi ya vidonge, shida ni ya saa tu. Inamezwa asubuhi tumboni hamna kitu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, na madini ya chuma au kalsiamu yakae mbali nayo kwa saa 4. Wajawazito humeza vyote pamoja mara nyingi kuliko tunavyodhani. Kwa asiye mjamzito, kipimo cha damu cha TSH, kinachoonyesha kama dozi inatosha, kirudiwe baada ya wiki 6 hadi 8. Kupima mapema zaidi ni kupoteza damu ya mgonjwa.

Oksijeni ni dawa, iandikwe kama dawa, na kiwango chake kitajwe. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa ninalenga 88 hadi 92 kwenye kidole. Aminofilini siku hizi naiona mara chache na sisikitiki. Nafasi kati ya kiasi kinachosaidia na kinachodhuru ni finyu mno, na mvutaji sigara anayeacha kwa sababu tu amelazwa anaweza kupanda kiwango cha dawa kwa kiasi kile kile alichokuwa anameza nyumbani. Kichefuchefu kikianza, naizuia dozi inayofuata na namwita daktari.

Nimeacha rifampisini, dawa ya kifua kikuu, mwisho kwa sababu hapo ndipo mapafu na tezi hukutana kwa muda mrefu zaidi. Kisukari huongeza hatari ya kupata kifua kikuu mara 2 hadi 3, kwa hiyo wagonjwa wenye vyote viwili si wachache. Rifampisini huliamsha ini livunje dawa nyingine kwa kasi. Gliklazidi na glibenklamidi, vidonge vya kisukari, hupungua nguvu, sukari ikapanda. Levothairoksini haitoshi tena. Prednisoloni inaweza kuhitaji kuongezwa hata maradufu, na mgonjwa ambaye tezi zake za adrenali hazifanyi kazi anaweza kuanguka kwa dozi aliyoizoea. Insulini haiguswi na ini kwa namna hiyo, ndiyo maana wengi huhamishiwa kwake kwa kipindi hicho.

Kuanza kwa rifampisini watu wanakukumbuka. Kumaliza kwake ndiko kunakopita kimya. Miezi 6 imeisha, makohozi ni safi, mgonjwa anaagwa kwa furaha kwenye kliniki ya kifua kikuu, na kliniki ya kisukari haina habari. Ndani ya wiki 2 hivi ini linarudi kwenye mwendo wake wa zamani, gliklazidi iliyoongezwa inapata nguvu yake yote, na mgonjwa anaanza kushuka sukari nyumbani. Kwa hiyo siku rifampisini inapoanza, naandika tarehe itakayokwisha kwenye kadi zake zote mbili, na chini yake naandika dawa zipi ziliongezwa na zilikuwa kiasi gani kabla. Namwonyesha mgonjwa mstari huo, namwambia auonyeshe kwa yeyote atakayemhudumia wiki hiyo, na apime sukari mara nyingi zaidi kwa mwezi mmoja unaofuata, pamoja na usiku.